Niambie Unakwenda Bonde Gani



Wapendwa vijana, mwezi wa Agosti uliopita nilipigiwa simu na mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi mji wa Boise, jimbo la Idaho, huko Marekani. Baada ya kuniamkia na kuniuliza habari za nyumbani, alisema neno ambalo sikulitazamia: «Baba mdogo, mwaka huu nataka kwenda kuwinda kulungu milimani. Bibi anasema wewe na baba mlikuwa mkiwinda pamoja. Nisaidie kupanga safari.»

Nilicheka kidogo, kwa sababu bibi yake alikuwa amenipa sifa isiyo yangu. Mwindaji alikuwa kaka yangu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana aliyembebea mzigo siku za mapumziko ya shule. Lakini nilikubali. Kijana huyu alitoka kwetu Fizi akiwa mgongoni, mwaka 1996, tulipovuka ziwa Tanganyika kukimbilia Tanzania. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, mama yake akafariki humo, bibi yake akamlea. Mimi nilirudi Kongo kufundisha. Wao mwaka 2015 walipelekwa Marekani. Tangu hapo sisi ni watu wa simu. Anaponiomba jambo ninaloweza kulifanya kwa simu, siwezi kukataa.

Basi kwa muda wa wiki nane tulipanga uwindaji, yeye huko na mimi huku. Nawaandikia habari hii kwa sababu katika kupanga huko nilifundishwa jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu ujana wangu.

Kwanza alinieleza mahali penyewe. Mji wa Boise uko mita 820 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko karibu mita 770. Nyuma yetu inasimama milima ya Itombwe, inayopita mita 3000. Nyuma yao vinaanza vilima vya nyasi kavu na vichaka, kisha vilima vinakuwa milima ya misonobari, yenye mabonde membamba na miteremko ya mawe, kupita mita 2000. Kulungu wa huko hukaa juu wakati wa joto. Theluji ikianza kuanguka hushuka kwenye vilima vya chini kutafuta malisho. Wenyeji wamempa jina la nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, kwa sababu ya masikio yake makubwa. Si kama pongo wetu, ambaye pembe zake hudumu maisha yake yote. Dume wa huko huangusha pembe zake kila mwaka, kisha huota nyingine. Mimi, mwalimu wa zamani, nilifurahi kujifunza jambo hilo kutoka kwa mtoto niliyemfundisha herufi a, e, i, o, u.

Nilimwuliza: «Na huo mlima ni wa nani?» Akajibu: «Ni wa umma, baba mdogo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Idaho iko mikononi mwa serikali ya taifa, na raia wanaruhusiwa kuingia.» Nikamwambia kwamba hata kwetu, tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na kila mtu husema mlima ni wa wote. Lakini ninyi vijana mnajua jinsi tunavyoyaelewa maneno hayo. Kwetu «cha wote» maana yake ni kwamba anayefika wa kwanza achukue, na anayefuata achukue kilichobaki. Tumetega nyaya za chuma kila njia ya mnyama, dume na jike, mkubwa na mdogo, hata mabonde yamenyamaza. Leo mtoto wa kijiji chetu anaweza kufikisha miaka kumi na mitano bila kumwona pongo hata mmoja.

Msidhani kwamba Wamarekani walizaliwa na hekima kutushinda. Mwishoni mwa karne ya 19 wao nao walikuwa karibu kuwamaliza wanyama wao kwa kuwinda bila kipimo na kuuza nyama na ngozi sokoni. Walipoona hatari ndipo wakaweka sheria na kutenga misitu ya taifa. Ule wa Boise uliundwa mwaka 1908. Ardhi ya umma si ardhi ya bure. Kijana wetu alipaswa kusoma mafunzo ya wawindaji na kufaulu mtihani, maana huko kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1975 hapati kibali bila mafunzo hayo, isipokuwa athibitishe kwamba aliwahi kupata kibali zamani. Kisha akanunua kibali, na juu yake hati ya kulungu mmoja. Mmoja tu. Ukimwangusha, hapo hapo unakata kwenye hati siku na mwezi, unaifunga kwenye mnyama, na uwindaji wako umekwisha. Huruhusiwi kupiga isipokuwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Wala huruhusiwi kuchukua pembe na kuiacha nyama ioze: mapaja, mikono na nyama ya mgongoni lazima ishuke nawe.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Nimeufundisha waraka huo mara nyingi katika jumuiya zetu. Lakini sikuwahi kuufafanua vizuri kama ile hati ya kulungu mmoja ilivyonifafanulia. Nyumba ya wote ni nyumba ambamo kila mmoja anajua pa kuishia.

Baada ya sheria, tulikuja kwenye ramani. Hapo nilijiona nina faida, kwa maana nilisomea ualimu, na jiografia niliifundisha miaka mingi. Alinitumia kwa simu picha ya ramani yenye kipimo cha 1 kwa 24000, ambapo sentimita moja ni mita 240 za ardhini. Akasema: «Kutoka barabarani hadi juu ya mgongo wa mlima ni sentimita kumi tu. Ni kama kilomita mbili na nusu. Nusu saa, tumefika.»

Nikamwambia: «Mwanangu, umehesabu upana, hujahesabu urefu wa kupanda. Hebu hesabu mistari ya mwinuko.» Akahesabu mistari hamsini. Kila mstari kwenye ramani ile ni futi 40, kama mita 12. Basi kati ya gari na mgongo wa mlima kulikuwa na mita 600 za kupanda, gizani, juu ya mawe, na bunduki begani. Tukakubaliana si chini ya saa mbili na nusu. Nikamwonyesha kwamba mistari inapokaribiana, mteremko ni mkali, na inapogusana ni ukuta wa jabali, hapitiki. Nikamwonyesha kwamba mistari ikijikunja kama herufi V na ncha yake kutazama juu mlimani, hilo ni bonde. Ncha ikitazama chini, huo ni mgongo. Tulifanya mazoezi kama darasani. Nilimtumia maswali, naye akanirudishia majibu usiku baada ya kazi, nami nikasahihisha.

Kisha tukazungumza juu ya upepo. Kulungu ana macho na masikio makali, lakini pua yake ndiyo mlinzi wake mkuu. Milimani, usiku na alfajiri hewa ya baridi huteremka mabondeni kama maji. Jua likishapasha miteremko joto, hewa hugeuka na kupanda. Kwa hiyo mwindaji anayepanda kwa kufuata bonde, jua likimkuta bado yuko chini, harufu yake hutangulia mbele yake na kutangaza kwamba amefika. Tuliamua wapande gizani kwa kufuata mgongo wa mlima, wawe juu kabla jua halijapasha, kisha wakae na darubini, watazame miteremko yenye kivuli ambamo kulungu hulala mchana. Nilimwambia kwamba baba yake alijua jambo hilo bila kitabu. Alibeba majivu makavu katika kifuko cha ngozi, na kila alipofika kwenye kona ya bonde alirusha kidogo hewani na kutazama yanakokwenda.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Baba mdogo, hukuwahi kuniambia habari hiyo.» Ni kweli, sikuwahi.

Tuliweka pia saa ya kuacha. Jambo hilo vijana wengi hawalipendi. Nilimwuliza: ukimpiga kulungu saa kumi na moja jioni, itakuwaje? Tukahesabu pamoja. Kumfuata na kumchuna na kumkata, saa mbili. Kushuka na mizigo mizito, safari mbili pengine, saa mbili nyingine na zaidi. Katikati ya Oktoba huko jua linatua kama saa moja jioni, na baridi ya usiku milimani inaweza kuua. Basi tukaandika: baada ya saa tisa alasiri, hakuna kupiga, hata akitokea dume mwenye pembe kama mti. Alinung'unika. Nikasema: «Andika.» Akaandika.

Mwishoni akanieleza neno la mwisho la mafunzo yake. Mwalimu wao aliwafundisha kwamba kila anayeingia mlimani aache karatasi kwa mtu anayebaki: anakwenda bonde gani, anaacha gari wapi, yuko na nani, na saa ngapi lazima awe amepiga simu. Saa hiyo ikipita, anayebaki hangoji. Anampigia sherifu wa kaunti, ambaye huko ndiye mwenye wajibu wa kutafuta waliopotea. «Mimi naona ni utaratibu tu,» akasema, «lakini nitaacha karatasi kwa mama wa rafiki yangu ninayekwenda naye.»

Nilipoyasikia maneno «utaratibu tu», sikuweza kuendelea. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Wapendwa, ninyi mnanijua kama katekista wenu. Nimewatayarisha wengi wenu kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara. Basi niruhusuni niwaeleze jambo ambalo kwa muda mrefu nililieleza katika kitubio peke yake.

Mwezi wa Julai 1996, siku ya Ijumaa jioni, kaka yangu alikuja nyumbani kwangu. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano. Aliniambia: «Kesho napanda mlimani. Nitafuata bonde la mto wa pili, si la kwanza. Nitarudi kesho hiyo hiyo jioni. Nisiporudi, njooni.» Mimi nilikuwa nasahihisha karatasi za mtihani wa mwisho wa mwaka. Niliitikia bila kuinua kichwa.

Jumamosi jioni hakurudi. Mke wake akatuma mtu kuniuliza. Nikajibu: «Ngojeni kidogo. Mwindaji hulala popote. Atafika asubuhi.» Nikalala. Jumapili nikaenda Misa, nikaongoza nyimbo. Baada ya Misa ndipo nikakusanya vijana tukapanda. Walipouliza ni bonde gani, nilitafuta neno lake kichwani, sikulipata vizuri. Nikasema la kwanza. Tulizunguka bonde la mto wa kwanza hadi giza likatufukuza.

Tulimpata Jumatatu, katika bonde la mto wa pili. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye jabali na kuvunjika mguu. Kando yake palikuwa na majivu ya moto aliouwasha mwenyewe, na vijiti vilivyokatwa vizuri, vimepangwa tayari kuongezwa. Mtu aliyekufa papo hapo hawashi moto. Kaka yangu aliishi usiku ule wa Jumamosi, na sijui saa ngapi za Jumapili, akijua kwamba amemwambia mdogo wake bonde gani.

Miezi mitatu baadaye vita vilitufikia, tukakimbia. Katika kambi, mtu akiuliza baba wa mtoto huyu yuko wapi, watu walijibu: «Alifariki mwaka 96.» Na kila aliyesikia mwaka huo alifikiri ni vita. Mtoto naye akafikiri hivyo. Hakuna aliyesema uongo. Mimi pia sikusema uongo, nilinyamaza tu. Mwanzoni mwa Misa tunapokiri makosa yetu, hatukiri mabaya tuliyotenda peke yake. Tunakiri pia mema tuliyoyaacha. Kila Jumapili, tangu mwaka ule, ninapofika mahali pale nayaona majivu.

Siku tatu baada ya kukata simu ile nilimwandikia kijana ujumbe mrefu, kwa sababu sauti yangu nisingeiamini. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamalizia: «Sasa unajua kwa nini karatasi ile si utaratibu tu. Kama hutaki tena kupanga nami, nitaelewa.»

Alinyamaza siku tisa. Aliona ujumbe, alama za simu zilinionyesha. Siku ya kumi alipiga. Hakuniuliza mengi. Aliuliza kama baba yake alikuwa na kitu chochote mkononi. Nikamwambia alikuwa na kifuko cha majivu, bado kimefungwa vizuri. Alilia, nami nikalia. Mega za simu zikaisha. Nilipoongeza mayuniti na kumpigia tena, alisema neno nisiloweza kulisahau: «Baba mdogo, karatasi nitamwachia yule mama, kwa kuwa yeye anaweza kuzungumza na sherifu. Lakini nakala yake utaishika wewe. Nami nitakwenda nikijua kwamba safari hii hutalala.»

Sikuomba msamaha huo. Ulipewa mkononi mwangu kama karatasi yenyewe.

Siku ilifika, Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Kati ya saa yao na saa yetu kuna tofauti ya saa nane. Walipaswa kupiga simu saa tatu usiku ya kwao, yaani saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili huku kwetu. Mchana nilichaji simu kwenye kibanda chenye sola, nikanunua mayuniti ya kutosha. Usiku niliweka simu dirishani, mahali pekee nyumbani mwangu penye mtandao, nikaketi kando yake na rozari. Mke wangu alinihurumia, akasema nilale naye aniamshe. Nikakataa. Karatasi ilikuwa juu ya meza: jina la bonde, mahali pa gari, majina mawili, saa.

Saa kumi na moja ikafika. Simu haikulia.

Vijana, katika dakika ile nilisikia ndani yangu sauti ile ile ya mwaka 1996, kwa maneno yale yale: ngoja kidogo, vijana hulala popote, utawasumbua watu bure, utaaibika. Ni sauti yenye adabu sana. Haisemi ufanye baya. Inasema tu ungoje.

Nikampigia yule mama. «Mama, saa imefika. Hawajapiga.»

Akasema: «Baba, tungoje kidogo, labda wako njiani.»

Nikasema: «Mama, maneno hayo niliyasema mimi, na nilimzika aliyenituma. Nakuomba, piga sasa.»

Akasema: «Basi, napiga.»

Saa kumi na moja na dakika kumi na saba simu yangu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanangu, yenye baridi na uchovu. Walikuwa salama. Mwenzake aliteguka kifundo cha mguu wakati wa kushuka, wakatembea polepole, huyu akimshika mkono yule, hadi garini, kisha wakaendesha hadi mahali penye mtandao. Yule mama alikuwa bado anazungumza na ofisi ya sherifu, akawaambia wamepatikana. Hawakumlaumu. Walimwambia kwamba alifanya vema kupiga mapema.

Kulungu je? Walimwona dume mmoja, mzuri sana, amesimama ng'ambo ya bonde. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Mwenzake alisema: «Piga, nani atajua?» Kijana wetu alitazama saa, akateremsha bunduki. Aliniambia kwamba lilikuwa jambo gumu kuliko kupanda mlima. Baadaye, mguu wa mwenzake ulipoteguka, walielewa: kama wangempiga, wangekuwa bado juu, gizani, na mnyama wa kukata, na mguu usiokanyaga. Walirudi mikono mitupu. Msimu ulifungwa bila wao kupata nyama hata kilo moja, na hati ile ya kulungu mmoja imebaki nzima ndani ya Biblia yake.

Asubuhi ile nilikwenda Misa bila kulala. Niliongoza nyimbo, na sauti haikunitoka vizuri. Watu walidhani nina mafua.

Sasa nawaambia ninyi. Mara nyingi nawasikia mkisema: «Mungu atajua,» «Tutaona huko huko.» Mnaliita neno hilo imani. Lakini Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Hakumsifu anayeanza bila kuhesabu. Katika fadhila kuu nne, busara, haki, nguvu na kiasi, Kanisa huiweka busara mbele, kwa kuwa ndiyo inayoziongoza nyingine. Na busara si woga. Mwoga hakupanda mlima ule. Mwenye busara alipanda, na alijua saa ya kushuka.

Wengi wenu mnaondoka. Wengine mnavuka ziwa kwa mitumbwi. Wengine mnakwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wengine mnaifuata njia ya Bukavu, ya Lubumbashi, ya mbali zaidi. Ni wangapi wameondoka katika parokia yetu bila kumwambia mtu hata mmoja ni machimbo gani? Mnaona ni uhuru. Lakini anayeondoka bila kusema bonde gani amemnyima ndugu yake nafasi ya kumpenda siku ya shida. Mpendwa, kabla ya kuondoka mwachie mtu karatasi.

Na wewe unayebaki, neno langu kwako ni zito zaidi, kwa sababu ni neno langu kwangu mwenyewe. Mtu akikuambia bonde gani, inua kichwa. Weka kalamu chini. Rudia mbele yake alivyosema, ili asikie kwamba umesikia. Na saa ikipita, usingoje. Mchungaji wa Injili hakusubiri asubuhi aone kama kondoo wa mia atarudi mwenyewe. Ukiaibika kwa kuita watu bure, hiyo ni aibu ndogo. Asubuhi itakuwa imekwisha. Aibu nyingine naijua, nayo nimekaa nayo karibu miaka thelathini.

Kijana wetu anasema mwaka ujao atapanda tena. Amenitumia tayari ramani ya bonde jingine. Nimeanza kuhesabu mistari.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika familia au kikundi chetu, anayesafiri humwambia nani anakokwenda na siku ya kurudi? Kama hakuna, kwa nini?

2. Ni mali gani ya wote katika kijiji chetu, kama maji, msitu, uwanja au kanisa, ambayo tunaitumia kama mali ya bure? Tunaweza kukubaliana mipaka gani?

3. Kuna jema gani nililoliacha, na nani anangoja nimwambie ukweli wake?

Tumalize kwa kuwaombea walio njiani usiku huu, na wale wanaokesha wakiwangoja. Amina.